Ukurasa Wetu wa Maziko ya Mfalme

Jumatatu, 31 Oktoba 1955

Mwalimu Klara leo hakufungua kitabu cha hadithi. Amekifungia kabatini mbele ya macho yetu, ufunguo akautia mfukoni. Hadithi zote kumi na nne tumezimaliza, amesema, na hataki marudio ya "nani aliyesema maneno haya". Amechoka kusahihisha majibu yanayofanana.

Marudio ya mwaka huu ni hivi. Wanafunzi wawili wawili wachague hadithi moja tuliyoisoma. Watunge tukio ambalo mwandishi hakuliandika — lililotokea baada ya mwisho, au nyuma ya mlango. Lakini vitu vitakavyotajwa humo lazima uwe umeviona mwenyewe. "Msiniletee theluji," amesema. "Hakuna hapa aliyeiona." Kurasa zote zitashonwa ziwe kitabu kimoja cha darasa la nane. Siku ya kufunga shule, Jumamosi tarehe 3 Desemba, mmoja atasoma na mwenzake atacheza, mbele ya wazazi.

Nilifurahi mpaka niliposikia "wawili wawili". Tuko ishirini na nne, hesabu inagawanyika vizuri, lakini mimi siku zote ni salio.

Safari hii ilikuwa kura. Vikaratasi ndani ya kopo la chaki. Nikachomoa — Kabula! Kati ya wote!

Kabula binti Jilala, wa Samuye. Mrefu kuliko Mwalimu. Hucheka kabla mtu hajasema. Alisimama juu ya benchi akapiga kelele: "Nimempata mtumwa wangu!" Darasa zima likacheka. Mimi nikalitazama dawati. Kuna mtu aliyechonga nyota pale, miaka ya zamani. Nimezihesabu ncha zake. Tano.

Jumanne, 1 Novemba

Alichonifanyia Kabula tangu Januari, nisije nikasahau na kujidanganya:

Ameficha ndara zangu mara nne. Alikula muwa wangu huku ananitazama. Aliketi juu ya kitanda changu na miguu yenye matope, akasema kitanda cha mtumwa wake ni chake. Hunywa maji kwa kikombe changu. Ananiita mla nazi. Mimi nazi nimeionja mara moja tu, nilizaliwa mgodini Geita, upande wa Rwamgasa, na pwani sijawahi kufika. Baba na Mama ndio Wazaramo waliotoka huko. Baba ni dresa, mfunga vidonda, wa hospitali ya mgodi. Pale tulikuwa nyumba moja tu ya Kizaramo.

Lakini Kabula si mkorofi kwa wengine. Bhoke alipopata homa alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Na kila jioni anamfundisha Paskalia hesabu.

Kwa hiyo ni mimi tu. Nimefikiri sana. Sina jibu ila moja: hanipendi.

Bwenini wamezungumza Kisukuma mpaka taa ilipozimwa. Nimesikia jina langu katikati ya maneno, kama jiwe kwenye mchele.

Alhamisi, 3 Novemba

Tumekaa kwenye ngazi za stoo kuchagua hadithi. Yeye alitaka ya sungura. Mimi nilitaka ya mfalme aliyekataza kilio. Nilisema kwa sauti ndogo, nikitegemea atabisha. Hakubisha.

Hiyo ndiyo hadithi niliyoipenda kuliko zote. Mfalme amefiwa na binti yake. Hawezi kuvumilia sauti za watu wakilia, basi anapiga marufuku kilio katika nchi nzima. Watoto wakianguka wanauma pindo za nguo zao. Miaka inapita. Mwisho mfalme ni mzee, yuko kitandani anakata roho, anawatazama watu waliomzunguka na macho yote ni makavu. Hadithi inaishia hapo. Maziko yake hayamo.

"Basi tumzike," Kabula akasema.

Nilipenda alivyosema. Moja kwa moja, kama mtu anayepewa jembe.

Halafu akaharibu. "Wewe andika, mimi nitacheza. Kazi yenu Wazaramo ni ngoma — mnauza mpaka shamba kwa ajili ya ngoma! — lakini wewe hata ngoma huijui. Sijui mtumwa gani nimepewa." Akanitazama. Alingoja kidogo. Nikanyamaza. Akanyanyuka akaenda zake.

Jumapili, 6 Novemba

Siku ya wageni. Mimi sina mgeni. Geita ni mbali, na Baba hawezi kuacha wagonjwa. Nilikaa na kitabu kwenye kigoda nje ya bweni, nionekane nina shughuli.

Bibi yake Kabula amekuja kutoka Samuye, amepakizwa kwenye lori la ngozi. Ndiye aliyemlea. Mfupi, kaniki nyeusi, kibuyu kidogo cha ugoro shingoni. Alibeba michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ndani ya kapu, akamgawia kila mtu bila kuuliza ni mtoto wa nani. Kengele ya chakula ilipolia akashtuka: "Nani amekufa?" Wasichana wakacheka mpaka wakakaa chini.

Anavuta ugoro, kisha anapiga chafya tatu. Tatu kamili, si pungufu. Ya kwanza na ya pili kwa hasira, kama anafukuza mbuzi. Baada ya ya tatu anajipiga paja na kusema, "Nimepona!"

Alipoambiwa mimi ni Mzaramo macho yake yaliwaka. Akaja mpaka pale nilipokuwa nasoma. "Mtumwa wangu! Unakalia kiti na bwana wako amesimama?" Akanivuta mkono, akakaa yeye. Kisha akanitazama kutoka chini, mdomo umeshafunguka nusu, tayari.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Mdomo ukafunga. "Marahaba, mjukuu wangu," akajibu polepole. Akanipa mchembe mmoja.

Nilisimama mpaka saa kumi na moja. Hata bibi! Kumbe ukoo mzima.

Mchembe nimeula. Ulikuwa mtamu, na hilo limeniudhi zaidi.

Jumanne, 8 Novemba

Nimeanza kuandika. Maziko niliyoyaona kwa macho yangu ni ya mtu mmoja tu.

Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa ndani, wanawake wanamwosha. Baba alikaa kwenye mkeka nje. Ndipo akaja Ngassa, mtu wa winchi pale mgodini, Msukuma, mwili mkubwa. Alikuwa amevaa khanga ya Mama! Alijifunga kiunoni, akatembea kama Mama alivyotembea, mkono mmoja mgongoni. Akaita kwa sauti ya Mama: "Mwanaiiidi! Viatu hivyo na matope hayo, unaingia navyo wapi?" Watu wakacheka. Kwenye maziko ya mama yangu! Jeneza lilipotoka akalala njiani katikati, akasema halipiti mpaka apewe kuku, maana Mzaramo huyu alimlia nazi zake zote. Akapewa jogoo ndipo akaondoka.

Nilimtazama Baba ili amfukuze. Baba alikuwa anacheka.

Sijawahi kumwuliza. Ngassa alikuwa akipita mlangoni petu baadaye, siku nyingi, anaita, "Mtumwa wangu yumo?" Nami najificha chini ya kitanda mpaka aende.

Nilipokuwa naandika sikukumbuka rangi ya khanga. Nikachukua karatasi nikamwandikia Baba. Nimeuliza khanga ilikuwa ya rangi gani. Chini nikaongeza: na kwa nini ulicheka? Nikaifunga haraka kabla sijajuta. Imeondoka na mfuko wa posta wa saa nane.

Jumatatu, 14 Novemba

Nimemaliza! Kurasa tatu, mwandiko safi, hakuna doa.

Mfalme amekufa. Watu wamekusanyika na hawajui kulia tena, wamesahau namna yake. Hapo anatokea mtu mkubwa amevaa joho la mfalme, anatembea kama mfalme, anakohoa kama mfalme, na anacheka. Watu wanamwona. Wanaokota mawe. Wanampiga mpaka anatoka nje ya nchi, na hapo, kwa hasira, machozi yanawarudia.

Nadhani ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Nimeisoma mara mbili nyuma ya stoo, kwa sauti. Aliyenisikiliza ni mbuzi wa mpishi.

Jumatano, 16 Novemba

Nimempa Kabula asome, maana yeye ndiye atakayecheza mtu wa joho. Alianza kwa kucheka. Aliigiza kikohozi cha mfalme, vizuri sana, hata mimi nilitabasamu. Akafungua ukurasa wa tatu.

Akasoma polepole. Akarudia. Akauliza: "Hili la kuvaa nguo ya marehemu umelitoa wapi?"

Nikamwambia nililiona. Kwenye maziko ya mama yangu.

"Na huyu aliyevaa ni mbaya?"

"Ni mbaya kuliko wote. Alicheka."

Kabula alikunja kurasa zangu, moja moja, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anarudisha kitu cha mkwe. "Huyu unayetaka apigwe mawe ni mimi," akasema.

Nilidhani anakiri! Nilidhani ameona mwenyewe ubaya wake wa mwaka mzima. Nilifurahi kwa muda wa kama dakika moja. Halafu nikaona kidevu chake kinatetemeka.

Ijumaa, 18 Novemba

Ndara zangu ziko mahali pake. Kikombe changu kikavu.

Jumatatu, 21 Novemba

Siku ya tano. Kabula haniiti mtumwa. Haniiti chochote. Tukikutana mlangoni ananipisha. Nilitaka hivi mwaka mzima — sasa nimepata, na bweni limekuwa kubwa kama ghala tupu. Leo hakuna hata mtu mmoja aliyetaja jina langu, ila Mwalimu kwenye mahudhurio.

Nikaitika "nipo" mara mbili.

Mwalimu Klara amezunguka akikagua kazi. Ametuuliza sisi tumefikia wapi. Kabula akajibu, "Mwanaidi amemaliza, Mwalimu. Atafute mtu wa kucheza." Mwalimu akasema kura ni kura, na ukurasa usiochezwa hautashonwa kitabuni. Ana sindano ya magunia na uzi tayari.

Jumanne, 22 Novemba

Zamu yangu ya jikoni. Nilikuwa nachambua maharage na Mama Mabula, mpishi. Naye ni wa Samuye.

"Umegombana na mtani wako?" akaniuliza.

"Mtani wangu nani, mama?"

Akaacha kuchambua. "Wewe si Mzaramo?"

"Ndiyo."

"Na Msukuma ni nani kwako?"

Nikasema sijui. Ni mtu wa kabila jingine. Mama Mabula alicheka mpaka ungo ukamtoka mapajani, maharage yakamwagika. Alipoona sicheki akaacha. Tukayaokota wote wawili, kwa magoti. Akanieleza huku tunaokota.

Zamani babu zao walibeba mizigo kwa miguu kutoka huku mpaka pwani kwetu. Huko walipigana na babu zetu, au walipokewa, kila mtu husema lake. Tangu hapo ni watani. Mzaramo ni mtumwa wa Msukuma, na Msukuma ni mtumwa wa Mzaramo, hakuna bwana. Unamwibia, unamtukana, unakalia kitanda chake. Naye anakurudishia, tena zaidi. Hapana kukasirika. Na mmoja akifiwa, wa kuja kuvaa nguo za marehemu na kulala njiani ni mtani. "Ndugu wote wanalia," Mama Mabula akasema. "Sasa nani atawalazimisha kula?"

Neno utani nilikuwa nimelisikia. Nilidhani ni maneno ya wazee kwenye pombe. Sikujua kwamba mimi pia nina wa kwangu.

Halafu akasema lililonichoma. Kabula alikuja jikoni mwezi wa kwanza, anaruka: Mama Mabula, tumeletewa Mzaramo! Alifurahi kama mtu ambaye ng'ombe wake amezaa. Mwezi wa tano akaja tena, bila kuruka. Akauliza, mtu ukimtania asijibu, maana yake nini?

"Ukamwambiaje, mama?"

"Nikamwambia maana yake hakutaki. Lakini mtoto mkaidi yule! Akasema atajaribu mpaka shule ifungwe."

Nimehesabu. Mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja. Ndara mara nne. Muwa. Kikombe. Kila mara alingoja kidogo, na mimi nikanyamaza.

Na bibi yake — mdomo umefunguka nusu!

Alhamisi, 24 Novemba

Barua ya Baba. Maneno machache, kama lebo za chupa zake za dawa.

Khanga ilikuwa ya njano na nyeusi.

Anasema wakati ule alikuwa hajala siku mbili, tangu Mama alipozidiwa, na alikuwa ameamua hatakula tena. Hakumwambia mtu. Ngassa alipoita jina langu kwa sauti ya Mama, yeye akacheka bila kutaka. "Nilipocheka ndipo nikaweza kulia. Nilipolia nikaona njaa. Ngassa alininywesha uji kwa mkono wake, akinitukana kila kijiko."

Kisha hivi, na nimeisoma mara nyingi: "Sikukueleza kwa sababu nilidhani unajua. Mambo haya mtoto hufundishwa na mama yake na bibi yake. Hukuwa nao, na mimi nilisahau kwamba huna."

Chini ameandika kwamba Ngassa bado yuko winchini, na kila mwezi anauliza mtumwa wake anasoma darasa la ngapi.

Nimechana ukurasa wa tatu. Mawe yote, na hasira, na kufukuzwa. Sasa kazi yetu inaishia pale mtu mwenye joho anapotokea. Anatembea. Anakohoa. Chini yake karatasi ni nyeupe.

Ijumaa, 25 Novemba

Natunga tusi. Nimeliandika kwa kalamu ya risasi kwanza.

La kwanza lilianza na "Samahani". Mtu hatukani kwa samahani! Nimefuta.

La pili: Nyinyi Wasukuma mmekula michembe mpaka mmefanana nayo. — Lakini michembe ni mitamu. Si tusi.

La tatu: Kabula, shingo yako fupi kwa sababu babu yako alibeba mizigo ya babu yangu. — Shingo yake si fupi. Mama Mabula anasema haidhuru, uongo ndio mzuri.

Jumamosi, 26 Novemba

Nimejaribu.

Bombani, asubuhi. Kabula alikuwa na ndoo kichwani. Nililiweka tusi mdomoni, nimelikariri tangu alfajiri. Akafika. Nikafungua mdomo. Nikasema:

"Shikamoo."

Kwa mwenzangu! Wa darasa moja!

Akanitazama. "Marahaba," akasema, bila kucheka, akapita. Maji yalimwagika kidogo kwenye bega lake. Kama yeye angekuwa mimi, angesema jambo kuhusu hayo maji. Mimi nimesimama bombani mpaka ndoo yangu ikafurika.

Jumatatu, 28 Novemba

Wengine wanafanya mazoezi. Paskalia na Bhoke wametengeneza mamba kwa gunia. Kila kona kuna kelele. Mimi nimekaa stoo na karatasi nyeupe. Mvua ya kwanza imenyesha, vumbi limetulia, mchwa wenye mabawa wamejaa kwenye taa.

Ninaweza kuandika kuhusu mfalme yeyote. Siwezi kumwambia msichana mmoja kwamba anafanana na kiazi.

Jumatano, 30 Novemba

Mtu wa baiskeli amekuja kutoka Samuye saa nne asubuhi. Bibi yake Kabula amefariki jana. Alikuwa anakamua ng'ombe.

Kabula hakupiga kelele. Alifunga sanduku lake, akafungua tena, akatoa kitana, akakirudisha. Wasichana wote wakamzunguka wakilia. Mimi nilibaki mlangoni. Akapita karibu yangu akiondoka. Alisimama. Naapa alisimama! Alingoja kidogo, kama siku zote.

Nilikuwa na machozi tu. Na machozi alikuwa ameshapewa mengi na wengine.

Akaenda.

Alhamisi, 1 Desemba

Nimekwenda kwa Mwalimu Klara. Nimegonga mwenyewe. Nikamwomba ruhusa kwenda Samuye na Mama Mabula kesho. Akauliza mimi ni nani kwa marehemu.

"Mtani," nikasema. Mara ya kwanza kulitamka kwa ajili yangu.

Mwalimu ni Mnyamwezi, na hao pia ni watani wetu. Alinitazama juu ya miwani, kisha akaangalia karatasi zangu zenye nafasi nyeupe chini. Akauliza nani atazimaliza, kitabu kinashonwa Jumamosi asubuhi. Nikasema sijui mwisho wake, Mwalimu. Sijauona bado. Si alituambia tuandike tulichoona?

Akaandika ruhusa. "Usirudi na theluji," akasema.

Ijumaa, 2 Desemba

Samuye. Naandika nyuma ya kihenge cha mtama, nimekalia kinu kilichopinduliwa. Saa nane imepita.

Tumekuja na lori la ngozi, lilelile la bibi. Mama Mabula aliniambia njiani nisifikiri sana. Ni kama kuniambia nisiwe mrefu wala mfupi.

Nyumba imezungukwa na ua wa minyaa. Wanaume wamekaa upande wa zizi, ndipo bibi alipozikwa, udongo bado mwekundu. Wanawake wako kwenye mikeka, ukumbini. Ng'ombe wanalia, hawajakamuliwa vizuri. Kabula yuko pembeni kabisa, ameegemea nguzo. Bakuli la maziwa ya mgando liko mbele yake, nzi juu yake. Shangazi yake amemwambia Mama Mabula hajala tangu juzi. Kila anayemwambia ale anaitikia "ndiyo, shangazi", "ndiyo, mama", na mkono hausogei.

Mimi nilipofika nikamsalimu kila mtu kwa adabu. Shikamoo ishirini na mbili. Kabula hakuinua macho.

Mama Mabula akazungumza na shangazi. Wakanitazama wote wawili. Shangazi akaingia ndani akatoka na kaniki ya bibi na kile kibuyu cha ugoro. Akanikabidhi, akanibana vidole.

Nikaja huku nyuma kuivaa. Inanuka moshi na maziwa. Nimejifunga. Ni fupi, bibi alikuwa mfupi, inaniishia magotini. Kuna mtoto mdogo amekaa ananitazama, kidole puani. Nimemwonyesha mwendo wa bibi. Hakucheka. Amekimbia!

Nimejiambia: nitaandika mistari mitatu hii, kisha nitakwenda.

Nimekwenda.

Naandika haraka, herufi zinaanguka. Nilitoka kwa upande wa zizi. Nilitembea nimeinama, hatua fupifupi. Watu wakageuka. Kimya — hata ng'ombe! Nikavuta ugoro, ugoro wa kweli, sikujua unawaka hivyo. Nikapiga chafya moja. Kama ya bibi, kwa hasira. Nikapiga ya pili. Machozi, kamasi, kila kitu. Nikamwelekea Kabula nikasema, kwa sauti yoyote iliyokuwepo: "Mtumwa! Unakalia mkeka na bwana wako amesimama?"

Hakuna aliyecheka. Hata mmoja. Mzee mmoja aliacha kiko mdomoni bila kuvuta. Kabula alinitazama kama hanijui.

Nikakimbia. Ndiyo. Nimekimbia mpaka hapa nyuma ya kihenge na kaniki inanipanda mapajani. Nimeivunjia heshima maiti na nyumba na watu wote. Mama Mabula atanirudisha kwa miguu. Ukurasa utabaki mweupe na ni haki yake.

Puani kunawaka moto. Nasikia—

Kuna anayeongea kule mbele. Sauti imekauka, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Ni Kabula.

"We Mzaramo!"

Anangoja kidogo.

"Mzaramo! Hata bibi yangu umemwibia chafya? Alikuwa anapiga tatu! Ya tatu umeila?"

Kuna mwanamke amecheka. Na mwingine. Sasa kuna mtu anacheka na kulia pamoja, siwezi kujua ni nani, mtoto wa kidole puani amerudi na ananiita kwa mkono.

Kibuyu kiko hapa. Ugoro umebaki wa kidole kimoja, unatosha ya tatu.